Askari wa Rangi ya Mawese

Jua lisipotoka, Mama Labo hakufanya kazi. Hadubini yake haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo cha mviringo kwa chini, na yeye alikigeuza kwa ncha ya kidole mpaka kikaukamata mwanga wa dirishani na kuurusha juu, ndani ya tone la damu. Umeme ulikuwa umeondoka Kamina bila kuaga. Siku za mawingu tuliketi kwenye benchi ya nje, watoto saba au wanane, tukilitazama anga pamoja naye kama wakulima. Wingu likipasuka, alipiga makofi mlangoni.

"Jua hii hapa! Leteni vidole! Mbio, mbio, haitakaa!"

Jina lake la ubatizo sikulijua, na sikumsikia mtu yeyote akilitumia. Mji mzima ulimwita Mama Labo, kwa sababu ya labo, maabara, chumba kile cha mwisho cha dispensari iliyokuwa karibu na reli, chumba chenye meza moja, dirisha moja, na harufu ya spiriti iliyomfuata hata sokoni. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeanza. Treni zilipita zimejaa askari, au hazikupita kabisa. Baba yangu, msaidizi wa dereva, alikuwa ameondoka na treni moja kwenda kaskazini, na njia ikakatika nyuma yake. Tulibaki mama, mimi niliyekuwa na miaka tisa, na pumu yangu, ambayo nyumbani tuliihesabu kama mtu wa tatu.

Alitoboa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, daima hicho. "Hiki njo kivivu," alisema, "hakuna kazi kinafanya." Alikishika kwa upole hata ukasahau kuogopa, akakitoboa wakati akikuuliza swali. Ulikula nini jana? Bukari na nini? Sombe? Na nani alipika? Ukifika kwa mpishi, tone lilikuwa tayari juu ya kipande cha kioo. Mama yeyote akijaribu kupuliza kidole cha mtoto, alifokewa.

"Usipulize, mama! Kinywa iko na badudu kuliko choo!"

Vipande vya kioo vilikuwa vichache, hivyo vilioshwa na kutumika tena mpaka vikachubuka. Rangi ya kupaka damu ilikuwa ikiisha. Aliichanganya na maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe, kwa kuwa maji ya kisima, alisema, yanaiudhi rangi. Kisha alikaa, akafumba jicho la kushoto, na midomo yake ikaanza kutembea. Alihesabu chembe nyeupe mpaka mia. Katika mia hiyo alitafuta zile zilizojaa punje za rangi ya chungwa, nyekundu kidogo, kama mawese yaliyoganda. Sisi alituambia kuwa ni askari. Kila mtu anao wachache katika damu. Mimi nilikuwa na kumi na wanane.

"Weye," aliniambia siku ya kwanza, bila kuondoa jicho, "askari yako ni wengi kuliko ya base."

Watoto wa benchi walicheka. Kambi ya askari ilikuwa nje ya mji, na hakuna mtoto wa Kamina asiyejua askari ni nini.

Hakuna aliyemtuma kutukusanya. Kazi yake ilikuwa kutafuta malaria na minyoo, na mshahara wake ulikuwa umesimama muda mrefu kama saa ya stesheni. Lakini akitafuta malaria aliwaona askari wale, wengi mno, katika damu ya watoto waliopumua kwa filimbi, watoto waliojikuna viwiko mpaka vikatoa maji, watoto wa macho mekundu na kamasi ya mwaka mzima. Akaanza kutuita. Alitembea kwa miguu mpaka nyumbani na kumwambia mzazi, "Kesho, kama jua itatoka, mulete mutoto."

Ilikuwa hivi: katika nchi yetu, karatasi ikirudi na askari wengi, muuguzi hakuuliza mara mbili. Aliandika dawa ya minyoo. Wala hakuwa mjinga. Minyoo huwaita kweli askari hao, na mtoto gani wa Kamina hakutembea peku? Mimi nilikunywa dawa ile mara nne katika mwaka mmoja. Mara nne mama alinisubiri nyuma ya choo kwa fimbo na matumaini, akipekua. Hakuna kilichotoka. Mama alisema minyoo yangu ina akili.

Mama Labo hakuamini minyoo yenye akili. Alidai choo changu asubuhi tatu mfululizo, kwenye jani la mgomba, na asubuhi ya tatu akamwita mama.

"Hakuna yai hata moja. Huyu mutoto hana minyoo."

"Sasa hawa askari beko wanafanya nini?"

Jibu lake nimelibeba mpaka leo. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge.

"Askari akiitwa, akafika, akakosa adui, atarudi kambini kimya? Weye mama, hata unauliza? Anapiga raia. Hawa wanapiga kifua ya mutoto. Tutafute ni nani aliwaita."

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na nilimpenda kwa hilo. Aliyeishi kwa damu hakuweza kuchinja kuku. Alimfunga miguu, akambeba mpaka kwa jirani, akasimama barabarani ameziba masikio mpaka aitwe. Alifokea mama wote kwa uchafu, lakini kofia yake ya kazini ilikuwa na doa la zambarau ambalo sikuliona likipungua. Aliimba kwaya kwa sauti iliyotoka nje ya njia kama ng'ombe, na alijua. Alisema Mungu ana sikio pana. Alizungumza Kiluba na wazee, Kiswahili na sisi, na Kifaransa na hadubini peke yake, hasa ilipokataa kutulia. Wazee wakimshukuru aliinama kidogo akajibu "Eyo vidye," naam bwana, kwa adabu ya mtoto mdogo. Dakika hiyohiyo alimgeukia mtu mwingine na kumwambia kuwa ana kichwa cha nazi.

Na hakuwa na mtoto. Hilo halikusemwa mbele yake na mtu yeyote, mpaka mama yangu aliposema.

Mama Labo alikuja nyumbani kwetu siku moja ya jua, amebeba vipande viwili vya kioo na utepe wa gundi, ule wa kubandikia karatasi. Hakuomba maji wala kiti. Alipiga magoti mlangoni mwa chumba nilimolala akanusa.

"Iko nini chini ya kitanda?"

Mama alisita. Kisha akainua shuka. Vilikuwa vitunga vya samaki wakavu, sita au saba, vimepangwa mpaka ukutani. Mama aliuza samaki wa Mulongo, wale waliokaushwa kwa moshi kwenye mabwawa ya Lualaba na kuletwa kwa baiskeli, wanaume wakizisukuma kwa siku nyingi porini kwa kuwa treni hazikuaminika tena. Ndio waliotulisha. Tangu baba alipotoweka hatukuwa na kingine.

"Mama, juu ya nini samaki mu chumba ya mutoto wa kifua?"

"Stoo ya nje walivunja. Askari wenye walitoka mbele, ku vita, wenye njaa. Walichukua yote."

"Na hapa?"

"Hapa walikuja mara mbili." Mama aliongea taratibu, akitazama vidole vyake. "Mara ya kwanza mmoja aliingiza kichwa. Akasikia huyu anakohoa, anapiga filimbi. Akasema, hii ni kifua kikuu. Wakatoka mbio. Mara ya pili hata hawakuvuka mlango."

Mama Labo aliketi kitandani pangu, juu ya samaki. Nilimwona akinitazama. Ndipo nami nilielewa, kwa akili ya miaka tisa, kwamba kikohozi changu kilikuwa mlinzi wa nyumba. Nilijivuna, hilo nalikiri. Nilikohoa kidogo, bila sababu.

Alibandika utepe sakafuni chini ya vitunga, akaubandua na vumbi lake, akaubandika juu ya kioo, akaondoka. Kesho yake alinipandisha juu ya ndoo ili jicho langu lifike kwenye hadubini. Niliona vinyweleo vidogo, vingi, kila kimoja na ncha kama mshale wa mtu anayewinda panya.

"Manyoya ya badudu," alisema. "Ile badudu yenye inakula samaki mukavu, yenye inajikunja. Inavua manyoya yake, manyoya inaruka, weye unavuta. Usiku mzima unavuta. Askari wanasema: tumepigwa mishale! Ni mishale ya nani? Ya mududu tu. Lakini nani atawaambia?"

Hata hivyo hakutaka kusema ni samaki kabla damu haijasema. Ndivyo alivyofanya kazi, na kwa jambo hilo aligombana na nusu ya mji. Kwetu mtoto kulala kwa shangazi au kwa bibi ni jambo la kawaida. Anaenda na kitenge chake, anarudi amenenepa. Mama Labo aliifanya desturi hiyo kuwa chombo chake. Alimtoboa mtoto kidole, akamwamuru akalale nyumba nyingine majuma matatu, akamtoboa tena. Kama askari walipungua, kosa lilikuwa nyumbani. Kama hawakupungua, alirudi kuanza upya. Wengine walitii. Wengine walisikia kuwa mwanamke asiye na mtoto anasema nyumba zao zina kitu kibaya, na katika miaka ile neno hilo, likiitwa uchawi, liliweza kumchoma mtu.

Sisi hatukuwa na shangazi Kamina. Watu wa mama wote walikuwa Mulongo, na njia ya Mulongo haikuwa ya mtoto. Mama Labo akasema nitalala kwake.

"Kwako?" Mama alisimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. "Minyi niko hai, mutoto alale kwako?"

"Majuma tatu, mama. Damu njo inataka."

"Damu iko na kinywa?"

"Iko nayo. Na haisemi uongo kama sisi."

"Bwana yangu reli imemumeza. Sasa weye unataka kumeza na huyu. Juu hukuzaa! Unachungulia vidole ya batoto ya bantu, unahesabu, unahesabu, unachagua yenye utabeba!"

Jirani mmoja alisema "Yoo!" kutoka nyuma ya ua. Mama Labo aliweka mkono mdomoni, kama mtu aliyeumwa jino. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kesho akikosa pumzi kabisa, utaniita nihesabu nini?" Akaondoka. Hakugeuka.

Siku nne baadaye nilikosa pumzi. Sitaeleza, mwenye pumu anajua, na asiye nayo hawezi kuambiwa. Ninakumbuka tu uso wa mama juu yangu, na kwamba asubuhi, nilipopata kidogo cha kuvuta, alinifunga mgongoni, mtoto wa miaka tisa, miguu inaburuta, akanibeba hadi kwa Mama Labo. Hakuomba radhi. Aliniweka kwenye mkeka wake, akaweka kando yangu kitenge changu, na kusema, "Hapendi uji ya moto sana."

"Nitaipooza," Mama Labo alisema.

Majuma matatu yale ni nchi niliyoishi. Nyumba yake ilikuwa na kitanda, mkeka, biblia, redio isiyo na betri. Aliosha shuka langu kila siku ya tatu na kulianika juani. Alinifundisha kuhesabu kimyakimya kwa kutembeza midomo. Mama alikuja kila mchana, hakuvuka kizingiti, akakaa kwenye jiwe la nje na mimi nikakaa naye. Kabla ya kuja alioga na kubadili nguo ili harufu ya samaki isifike, lakini ilifika, na mimi niliitafuta kwenye nywele zake kwa pua yangu yote. Ilikuwa harufu ya mama yangu. Sikujua nyingine. Juma la pili nililala usiku mzima bila filimbi, na nilipoamka nililia, kwa kuwa nilikuwa nimeelewa maana yake: ninapumua vizuri mahali ambapo yeye hayupo.

Mama Labo alinikuta nalia. "Nini? Kifua?"

"Hapana. Kifua iko muzuri."

Alikaa chini kando yangu, akachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Siku ya kutobolewa jua lilitoka mapema. Mama alikuja amevaa nguo ya kanisani. Mama Labo alihesabu mpaka mia, akarudia, kwa kuwa hakujiamini kwa furaha. Saba. Alimsukumia mama kiti.

"Angalia weye mwenyewe."

Mama aliinama. Alikaza jicho, akafungua kinywa. "Minaona manyoya."

"Hiyo ni kope yako, mama. Rudisha kichwa kidogo."

"Ah. Ah! Ile ya mawese?"

"Ile. Imebaki moja tu hapo. Zamani ungeona tatu, ine."

Mama alitazama kwa muda ambao jua lilihama na ikabidi kioo kigeuzwe. Alipoinua uso ulikuwa umelowa. "Basi ni samaki," alisema. "Nikiacha samaki, tutakula nini? Nikiacha huyu kwako, nitakuwa mama ya nani?" Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa ameweka mambo mawili mezani, na kila moja lilikuwa mimi.

Mama Labo alisafisha lenzi. Aliisafisha sana. Kisha akaonyesha kwa kidevu mlango mdogo ulio nyuma ya meza yake, chumba cha kuwekea chupa tupu.

"Leta vitunga hapa."

"Hapa? Mu labo?"

"Askari gani ataingia? Mlangoni nitaandika makohozi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango ule ulibandikwa karatasi yenye neno hilo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na fuvu alilolichora mwenyewe, lenye tabasamu zuri kupita kiasi. Samaki wa Mulongo walikaa nyuma yake miaka yote ya vita iliyobaki. Mama alichukua kitunga kimoja kila alfajiri, akauza, akaoga kwa jirani, akaja nyumbani akiwa mama. Mimi nililala kitandani pangu. Filimbi ilirudi nyakati za vumbi, ikaondoka, ikarudi, lakini haikunikaba tena. Askari waliingia dispensari mara moja wakitafuta dawa. Walisoma mlango, wakamwomba radhi. Wagonjwa walisema malaria ya Mama Labo siku hizi inanuka mboga. Aliwaambia walio na njaa warudi nyumbani.

Yeye na mama hawakuwa marafiki. Maneno ya uwanjani yalikaa kati yao kama mtu wa tatu kwenye benchi. Lakini kila mwaka mpya mama alimpelekea samaki mkubwa kuliko wote, na yeye alimpokea kwa mikono miwili.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka juzi. Ninaishi Lubumbashi, ninaandika, na nilikuwa nimerudi Kamina kumwona mama. Pikipiki ilinishusha mbele ya nyumba ya Mama Labo. Alikuwa ameketi mlangoni, mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Hadubini ilikuwa imepita kwa mtu mwingine zamani.

"Ni nani?"

Nikamwambia ni mtoto wa mama wa samaki.

"Ah! Kumi na nane!" alisema, akanishika kidole cha pete.

Alikuwa na karatasi chini ya mto wa kiti. Mjini sasa kuna mashine, alinieleza kwa dharau na kwa heshima. Unaipa damu, inatema karatasi. Wajukuu wa jirani walijaribu kumsomea wakashindwa na maneno. "Weye umesoma. Nisomee. Anza na askari."

Nilitafuta mstari. Nilipouona nilinyamaza, na katika kimya hicho nikaisikia, ndogo, mwishoni mwa kila pumzi yake. Ningeitambua filimbi ile katika kelele ya soko.

"Soma, mwana."

"Kumi na sita."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la jirani.

"Ilianza lini, mama?"

"Kitambo."

"Wakati wa samaki?"

"Ninyi benye kuandika munapenda kufunga kila kitu na kamba moja. Vumbi iko. Moshi iko. Uzee iko."

"Mama."

Alipapasa ukingo wa kiti. "Siku ya kwanza ya vitunga nilipiga chafya mpaka machozi. Mwezi wa pili nikajitoboa. Nilikuwa na mbili siku zote. Nikahesabu tisa."

"Na ukanyamaza."

"Ulitaka niseme nini? Mutoto alikuwa analala kwa mama yake." Akaongeza haraka, "Mama yako asijue." Sijamwambia. Mama hasomi vitabu, na anayesoma hiki nami namwomba anyamaze.

Nililala na pumzi yangu nzima miaka yote ile, na nyuma ya ukuta wa labo mtu mwingine alikuwa akipungukiwa nayo kidogo kidogo, kwa hesabu, akijua idadi. Nilitaka kuishika miguu yake. Angenifokea.

"Karatasi imekwisha?" aliuliza.

"Hapana. Iko mingine mingi."

"Basi juu ya nini umesimama? Mashine imehesabu yote, na minyi sijasikia hata nusu." Aliegemea ukutani, akafumba jicho la kushoto. "Soma nyekundu."

Nikamsomea nyekundu. Nikamsomea nyeupe, kila aina kwa jina lake, na zile ndogo za kugandisha, na mistari ambayo sikuielewa, herufi kwa herufi, nayo midomo yake ikatembea pamoja na yangu.